Mwambie Daktari Ulichompa

Maneno haya niliyasema ukumbini hapa Tudor, Mombasa, mbele ya wenzangu wanaofuga paka na mbwa na baadhi ya madaktari wanaowatibu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi, mabibi na mabwana, madaktari wetu, na nyinyi mliokaa huko nyuma na vikapu vinavyolia.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwenye mnyama na daktari wake, namna wanavyopaswa kufanya kazi pamoja. Nitaanza na paka wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha haya yote, na alinifundisha kwa kufa.

Nilimwokota kwenye ngazi za nyumba yetu Majengo, macho yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Nikamlea kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, usiku na mchana. Akakaa nami miaka 6. Jioni moja alirudi anachechemea, mguu wa nyuma umevimba. Nikadhani amepigana na shume wa mtaa wa pili. Wengi wenu mnajua kuwa mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi wodini miaka 31, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kabati la dawa. Nikachukua kidonge cha parasetamoli, nikakikata nusu, nikakisaga, nikamchanganyia kwenye mchuzi wa samaki. Akalamba sahani yote. Nikalala nikiwa na raha kwamba nimemtuliza maumivu.

Asubuhi nilimkuta chini ya kitanda. Uso umevimba, anapumua kwa tumbo, na nilipomfunua mdomo fizi zilikuwa za rangi ya udongo. Nikamzungushia leso, nikapanda tuktuk. Daktari alikuwa kijana wa rika la kitinda mimba wangu. Akamtazama mdomo, akaniinulia macho, akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote umempa?"

Nikasema hakuna.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hakuna. Miaka 31 nimewagombeza akina mama wanaomletea daktari mtoto baada ya kumlisha vidonge vilivyobaki nyumbani. Na pale kwenye benchi alikuwapo bibi mmoja aliyenifahamu tangu kazini, aliyeniamkia "Shikamoo Sista" nilipoingia. Niliona haya. Basi daktari akaushika mguu, kwa kuwa mguu ndio niliompa. Akatafuta usaha. Akafikiria nyoka. Akauliza tena, labda nyumbani kuna mtoto aliyemlisha kitu? Nikasema hakuna. Ilipokaribia adhuhuri, paka akiwa hawezi tena kuinua kichwa, ndipo nikamwambia.

Akanieleza, na alinieleza polepole kama mtu anayejua kuwa namwelewa. Ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja parasetamoli kama ini letu. Dawa inageuka sumu ndani yake, damu inashindwa kubeba oksijeni, ndiyo maana fizi zinakuwa kahawia badala ya waridi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Na dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, ile ile ninayoijua mimi kwa wagonjwa waliomeza vidonge kupita kiasi. Inasaidia ikiwahi. Mimi ndiye niliyeichelewesha.

Alikufa kabla ya alasiri. Daktari hakunipandishia sauti. Alisema tu, "Mama, mgonjwa wangu hasemi. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza watu kwenye mabenchi ya madaktari wa wanyama, na nawaambia kwa uchungu kwamba sikuwa peke yangu. Tunaficha. Yupo aliyempa mbwa ibuprofeni, na tumbo la mbwa huweza kutoboka kwa dawa hiyo na figo zikaharibika. Yupo aliyenunua dawa ya kupe ya mbwa akampaka paka, kumbe ndani mna pemethrini, ambayo mbwa huistahimili na paka humtetemesha mpaka afe. Yupo aliyeichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe akaipima kwa jicho kwenye ndoo. Yupo aliyemdunga mbwa aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, aliyouziwa dukani bila swali lolote, na mbwa wa koo za kuchunga kondoo, hasa kina Collie, wapo ambao ubongo wao hauna kinga dhidi ya dawa hiyo ikizidi kipimo. Kila mmoja wao alipofika mbele ya daktari alisema maneno yangu yale yale. Hakuna.

Madaktari, nawageukia nyinyi kidogo, kwa heshima. Mtu akikwambia ukweli, usimchane mbele ya watu. Ukimkemea leo, kesho atakudanganya, na atakayelipa ni mnyama. Kijana yule aliyenitibia paka alinifungua mdomo kwa upole wake. Nimerudi kwake na kila mnyama niliyepata baadaye, na sijamficha kitu tena, hata lile la kumlisha mbwa mahamri.

Sasa niwape kitu nilichokuja nacho kutoka wodini. Muuguzi anapomaliza zamu hamwambii mwenzake "mgonjwa hali yake si nzuri". Anampa ripoti: amekula nini, amekunywa kiasi gani, mkojo umetoka mara ngapi, choo kikoje, ametapika saa ngapi, homa ilianza lini. Daktari anapokea ripoti hiyo na tayari ameshika nusu ya njia. Mimi nina daftari la shule, la kurasa 48, na kila mnyama wangu ana kurasa zake. Haligharimu kitu. Ukisimama mbele ya daktari na kusema "amebadilika tu, daktari", umemwachia chumba chenye giza na hujamwonyesha hata mlango.

Na maneno mnayoyachagua yana uzito. Nitoe mfano mmoja, kwa kuwa unaua paka madume wengi. Mtu anapiga simu: paka wangu amefunga choo, anachuchumaa kila dakika na hakuna kinachotoka. Anayepokea simu akisikia "choo" anafikiria haja kubwa, anashauri mafuta kidogo na maji mengi. Kumbe paka yule anajaribu kukojoa. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, ikizibwa kibofu kinajaa, sumu inarudi mwilini, na siku moja au mbili zinatosha kummaliza. Hilo ni jambo la kukimbia usiku ule ule. Kwa hiyo usimtafsirie daktari. Sema ulichokiona: anachuchumaa, analia, mchanga ni mkavu. Ugonjwa autaje yeye.

Halafu, ni nani anayemjua mnyama? Hapa Mombasa swali hili lina sura yake. Nyumba nyingi Nyali, Bamburi, Kisauni zina mbwa wa ulinzi. Mwenye nyumba ndiye anayelipa, lakini anayemfungua jioni na kumfungia alfajiri, anayempa ugali na vichwa vya samaki, ni mlinzi au kijana wa shamba. Daktari anakuja, mwenye nyumba anasimama kwenye veranda anatoa maelezo: anakula vizuri, hana tatizo. Mlinzi amesimama getini, anajua kuwa mbwa hajala tangu Jumanne na kwamba jana alitoka damu puani. Hakuna anayemuuliza. Nawaomba sana, mwiteni. Mpeni hilo daftari aandike yeye. Daktari, ukifika kwenye nyumba ya namna hiyo, uliza kwanza, "Nani anamlisha?"

Na tuseme wazi kuhusu twahara, usafi wa kidini, maana wengi tunalizunguka. Sisi Waislamu wa huku tunafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwetu yana hukumu yake, kuosha mara 7 na moja iwe kwa udongo. Basi daktari asimlazimishe mwenye nyumba kumshika mbwa kichwa, wala asimdhanie kuwa hampendi au hamjali. Atafutwe wa kumshika. Na mwenye nyumba naye asiifanye hukumu hiyo kuwa sababu ya kumwacha mbwa bila chanjo. Mtu aliyempa mbwa mwenye kiu maji alisamehewa dhambi zake kwa ajili hiyo, hadithi hiyo tumeisikia tangu chuoni.

Ile damu ya puani niliyoitaja sikuitaja ovyo. Kupe wa mbwa hapa kwetu hana msimu. Joto letu linamfaa mwaka mzima, kaskazi na kusi, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta wa banda. Kupe huyo ndiye anayemwambukiza mbwa ugonjwa wa Ehrlichia, unaoshambulia chembe za damu hata mbwa akavuja damu kwa jambo dogo. Dawa inayotumika sana ni doksisaiklini, na kwa kawaida hutolewa siku 28. Siku 28! Nini hutokea? Siku ya 5 mbwa ameanza kubweka, anakula, anakimbiza tuktuk. Mwenyewe anaweka vidonge vilivyobaki kwenye droo. Mwezi wa pili mbwa anarudi amekonda, na mtu anamwambia daktari, "Dawa yako haikufanya kazi."

Niliyaona haya kwa wagonjwa wa kifua kikuu, wenye dawa za miezi 6, walioacha walipoona kikohozi kimekata. Nilikuwa nakwenda hadi majumbani kuwatafuta. Daktari wa mbwa hana wa kumtuma. Ukishindwa kummezesha mbwa vidonge kwa siku zote 28, au anavitema, au pesa zimekwisha siku ya 10, mpigie umwambie. Atabadilisha namna, au atakupa dawa kwa awamu. Na banda lipuliziwe pamoja na mbwa, la sivyo unachota maji kwa pakacha.

Kuna jambo la pesa. Nitalisema kwa ufupi kwa kuwa ni jepesi kuliko tunavyolifanya: sema ulichonacho kabla ya kuanza. "Daktari, leo nina shilingi elfu mbili." Hakuna aibu ndani yake. Daktari mzuri atakuambia kipimo gani kinafaa zaidi kwa kiasi hicho na kipi kinaweza kusubiri. Daktari naye ataje bei kabla hajashika bomba. Niliwahi kwenda mahali, sipataji, mbwa wangu akadungwa sindano mbili, moja ya manjano na moja nyeupe, nikapewa hesabu iliyonifanya nipige simu kwa wanangu wawili nikiomba. Nilipouliza zile sindano zilikuwa za nini, nikajibiwa "za nguvu". Sikuandikiwa jina. Wiki iliyofuata daktari mwingine akashindwa kujua aanzie wapi. Mwenye mnyama ana haki ya kuandikiwa jina la dawa, kiasi na tarehe. Ombeni. Ukinyimwa, nenda kwingine.

Na mjue mnayemwendea. Daktari wa mifugo husoma chuo kikuu miaka 5, na sheria ya mwaka 2011 inataka asajiliwe na bodi ya madaktari wa mifugo nchini. Wapo pia wahudumu wa afya ya mifugo wenye cheti au diploma, nao husajiliwa, na wengi ni hodari kwa chanjo na dawa za minyoo. Lakini kufungua tumbo la paka ni kazi ya daktari. Uliza usajili wake. Asiye na la kuficha haoni vibaya. Na kumbukeni jina lenyewe, daktari wa mifugo: wengi wao walifundishwa zaidi kwa ng'ombe na mbuzi kwa sababu hao ndio uchumi wa nchi. Kumuuliza "Daktari, paka unawaona sana?" ni swali la haki, na akisema kuna mwenzake anayewajua zaidi, mheshimu kwa hilo.

Chanjo. Hapa nitasimama kidogo, mnivumilie.

Nikiwa bado kazini nilimhudumia kijana aliyeumwa na mbwa wa jirani. Kidonda kilipona chenyewe, kila mtu akasahau. Baada ya wiki kadhaa akaletwa hawezi kunywa maji. Ukimsogezea kikombe koo linajifunga na anapiga kelele kwa hofu ya kitu ambacho mwili wake unakiomba. Alikuwa na akili timamu muda mwingi. Alikuwa ananiita kwa jina. Sitasimulia zaidi, mama yake huenda angali hai. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, karibu hakimwachi mtu. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na katika kila 100 wanaoambukizwa, 99 wamekipata kwa mbwa. Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kukimaliza ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Asilimia hiyo haitafikiwa na madaktari peke yao. Mbwa hawajipeleki.

Kwa hiyo kadi ya chanjo ya mbwa wako ni karatasi ya jirani yako pia. Iwe na karatasi ndogo inayobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, yenye namba na tarehe, na sahihi. Uliza friji: chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na sote tunajua stima za huku. "Daktari, stima zikipotea unafanyaje?" Niliuliza hivyo mara moja, daktari akanifungulia friji akanionyesha kipimajoto na daftari lake la kuandikia nyuzi asubuhi na jioni. Nikampenda.

Na mbwa wako akimuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, na wewe umpigie daktari wako. Usimuue mbwa, wala usimfukuze. Mbwa aliyefungiwa na kutazamwa na daktari siku 10, akiwa bado mzima, ametoa jibu ambalo hakuna mwingine angeweza kulitoa. Aliyeuma na kutoroka anaiacha familia nzima gizani. Kuna watu wanaomficha mbwa kwa kuogopa kulipishwa. Mimi nikikumbuka kile kikombe cha maji, siwezi kuwaelewa.

Wenzangu wa Mji wa Kale wameniomba nisiwasahau paka wao. Paka wa baraza, anayelishwa na nyumba kumi na hana mwenyewe. Mnachanga, mnampeleka afungwe kizazi, vizuri sana. Lakini kabla ya nusukaputi daktari anahitaji mtu mmoja wa kutia sahihi, mtu mmoja aliyehakikisha kuwa paka hakulishwa usiku ule, na mtu mmoja wa kumweka ndani mpaka kidonda kikauke. Nyumba kumi zikimwachia kila mmoja mwenzake, paka anafika mezani tumbo limejaa dagaa, anatapika usingizini, na daktari analaumiwa. Mchagueni mmoja kabla ya kumshika paka. Na aliyechaguliwa awe na namba ya simu inayopokewa.

Kuhusu simu, mjue kuwa daktari hulala. Picha ya WhatsApp saa nane usiku ya mbwa anayejikuna si dharura. Asiyepumua vizuri, asiyekojoa, aliyekula sumu, anayetoa damu isiyokatika, anayezaa na amekwama, hao mpigie. Kupiga, si kutuma picha na kungoja alama mbili za buluu.

Nilisema paka wangu alinifundisha. Mbwa wangu wa mwisho naye aliondoka mwaka jana, kwa uzee na figo. Daktari yule yule alikuja nyumbani jioni. Hakunipa matumaini asiyokuwa nayo. Aliniambia kilichobaki ni siku, na siku zenyewe ni za maumivu, akaniuliza kama nataka kungoja hadi kesho nizungumze na wanangu. Nikamwonyesha daftari. Siku 4 hajala, siku 2 hajasimama. Alisoma ukurasa wote, kimya, akanirudishia, akafungua mkoba wake. Nilimshika mbwa shingo, yeye akashika mguu. Hatukuhitaji kusemezana sana, maana kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Basi. Mizani ile pale mlangoni tumeiazima kwa saa mbili tu. Madaktari wameniambia kuwa wanyama wengi hupewa dawa kwa uzito wa kukisia, na paka wa kilo 3 akikisiwa 5 amezidishiwa. Madaftari yako mezani, nimenunua 40, kila mmoja achukue moja aandike jina la mnyama na tarehe ya leo. Wenye paka mtangulie, mbwa wabaki nje kwenye mwarobaini mpaka waitwe. Wewe binti mwenye kikapu cha ukili, njoo uanze. Usimtoe. Tutampima na kikapu chake, kisha tukipime kikapu kitupu.